Mame Hakutakiwa Kukua

Nagakura Yasuhide alifikisha miaka hamsini na sita bila kugusa mchezo wa kompyuta hata mara moja, mpaka mdomo wake mwenyewe ulipomponza.

Ulimponza Jumapili moja ya Februari, akiwa amesimama kwenye ujia wa ghorofani na sinia ya chakula mikononi, mbele ya chumba cha binti yake. Kozue alikuwa na miaka ishirini na sita, na huu ulikuwa mwaka wa nne hajatoka chumbani humo mbele ya macho ya mtu. Aliogea saa ambazo wazazi wako kazini. Alikula wakishaondoka mlangoni. Siku hiyo kilichosikika kutoka ndani kilikuwa muziki wa mchezo ule ule wa kukusanya madubwana na kuyapiganisha, mchezo aliouanza akiwa shule ya msingi, na Yasuhide akapandwa na hasira. Hasira ya mtu aliyeshindwa huwa haichagui maneno.

"Mtu mzima na mchezo wa watoto! Hata mimi na vidole vyangu hivi ningeumaliza kwa wiki moja!"

Muziki ukakatika. Karatasi ikapenya chini ya mlango, mwandiko wa Kozue, wima kama zamani: "Haya, umalize. Kwa masharti yangu. Ukimaliza nitashuka kula na nyinyi."

Jioni alipofuata sinia, alikuta mashine ya mchezo imewekwa kando ya bakuli tupu, pamoja na karatasi ya pili. Masharti yalikuwa matatu. Dubwana likizimia vitani limekufa, liachiliwe porini wala lisitumike tena. Hakuna kuyanywesha dawa katikati ya pambano. Na Mame, yule mdogo wa kijani, asikue kamwe.

Mitsuyo, mkewe, alizisoma karatasi zote mbili jikoni, akazirudia, kisha akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

"Baba Kozue, ameandika atashuka. Ameandika kwa mkono wake."

"Nimeona."

"Sasa unangoja nini? Cheza!"

Kucheza kwenyewe hakujui. Kesho yake akaibeba mashine mpaka kazini, kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua mashuka na mavazi ya kuogea ya nyumba za wageni za Beppu, mji wa chemchemi za maji moto. Upande wa pili wa mashine yake ya kupigia pasi alisimama Oginome Ritsuko, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mseja mwenye paka wawili na maneno mengi, ambaye kila chakula cha mchana alikula kwa mkono mmoja huku mwingine ukicheza mchezo huo huo. Alipoyasoma masharti akapiga mluzi.

"Nagakura-san, binti yako ni moto! Haya ni masharti ya sisi wakongwe."

"Kwani huu si mchezo wa watoto?"

"Ndiyo shida yenyewe. Wanaoutengeneza wanawapikia watoto uji. Sisi wenye meno tunajitafutia mifupa wenyewe." Akaiwasha mashine, akachungulia. "Yule mlinzi wa mwisho, kule juu mnarani, madubwana yake yote yako ngazi ya sitini. Mame wako yuko thelathini na moja, na wenzake wako chini yake. Akipanda leo anakanyagwa kama kipisi cha sigara."

"Nifanye nini basi?"

"Unapandisha ngazi. Unaingia pangoni, unapiga konokono. Ukimaliza, unapiga konokono."

"Konokono wangapi?"

"Usihesabu, mzee wangu. Ukihesabu utalia."

Akamfundisha vitufe. Cha kijani ni cha kukubali na kuharakisha maandishi. Chekundu ni cha kukataa, na hicho ndicho cha kuchunga, kwa sababu kila Mame anapopanda ngazi mwili wake utang'aa, na mashine itatoa sekunde chache tu za kumzuia asigeuke dubwana kubwa. Madubwana mengine ya aina ya Mame, mikononi mwa watu wengine, yalikua ngazi ya ishirini. Huyu wa kwake, Kozue alimpata akiwa na miaka kumi na moja, akamhamisha mchezo hadi mchezo, mashine hadi mashine, na kila alipong'aa akamkatalia. Kwa nini, baba yake hakuwahi kuuliza. Hakujua hata kama Mame yupo.

Basi Yasuhide akapiga konokono. Aliwapiga kituoni akingoja basi, aliwapiga chooni, aliwapiga mchana nyuma ya mashine za kukaushia huku jasho likimtiririka mgongoni. Wiki ya kwanza alipoteza madubwana mawili kwa uzembe, na ilipobidi ayaachilie porini kwa mkono wake mwenyewe alijikuta akikipungia kioo mkono. Kidole gumba kilivimba, Mitsuyo akawa anamkanda kwa dawa ya misuli kila jioni na kumkaripia apumzike, kisha dakika tano baadaye anamuuliza kwa nini amepumzika.

Kila jioni aliweka kikaratasi juu ya sinia. "Mame 36." "Mame 39." Hakujibiwa. Alipoandika arobaini na moja, likaja neno chini ya mlango: "Polepole mno." Alicheka peke yake ujiani mpaka akajiona mwendawazimu. Na mwezi wa Aprili likaja jingine: "Konokono hawakufai tena. Nenda kwenye daraja, kuna ndege. Mtangulize Mame, umtoe akipungua nguvu." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyopewa na mwanawe kwa miaka minne. Alitembea nayo mfukoni mwa shati, akawa anayasoma kama barua ya mchumba, mzee mzima.

Ndipo matumaini yakaanza kumharibu. Zamani alikuwa amezoea kukosa, na mtu aliyezoea kukosa analala. Sasa halali. Mitsuyo naye hakumsaidia, maana kila asubuhi aliuliza ni lini, ili aagize kuku mzuri wa kukaanga, kipenzi cha Kozue.

"Wiki hii," Yasuhide akamwambia Alhamisi moja ya Mei. "Ikibidi, hata leo."

Mame alikuwa ngazi ya hamsini na nne. Moja tu, maana Oginome alisema hamsini na tano ingetosha, kisha apande mnarani. Mchana akaketi kwenye kibao chake nyuma ya mashine za kukaushia, na hata chakula hakukifungua. Ndege wa darajani akaanguka. Maandishi yakaanza kukimbia, na kidole gumba, kilichofanya kazi hiyo hiyo miezi mitatu, kikabonyeza kijani, kijani, kijani. Macho yalikuwa kwenye kioo lakini akili ilishafika nyumbani, imekaa mezani, inamwangalia Kozue akila. Mame akang'aa. Yasuhide aliuona mwanga, akajua, akakirukia kitufe chekundu na kukibonyeza mpaka mashine ikalia. Alikuwa amechelewa.

"Hongera! Mame amekua."

Mahali pa yule mdogo wa kijani palisimama jitu la mabega mapana na pembe mbili. Halikuwa na lolote la Mame isipokuwa jina.

Oginome aliichukua mashine mikononi mwake. Akabonyeza hiki na kile, kisha akaacha.

"Irudishe nyuma," Yasuhide akasema.

"Hairudi."

"Izime, uiwashe."

"Inajihifadhi yenyewe kila pambano likiisha. Imeshahifadhi, Nagakura-san."

"Nyinyi si mnajua kila kitu cha huu mchezo? Lazima kuna njia! Niambie njia!"

Sauti ilimtoka mpaka wakunja mashuka wakageuka. Oginome akamshika mkono wa shati na kumkalisha.

"Wapo wengine wa aina yake porini. Naweza kukukamatia mmoja leo hii, nimpe jina hilo hilo, tumpandishe sote wawili, wiki tatu. Ila tazama hapa." Akafungua ukurasa wa Mame. Palikuwa pameandikwa: amepokelewa na Kozue, miaka kumi na tano iliyopita, ngazi ya tano. "Huyo mwingine atakuwa na tarehe ya leo. Ningekuwa mimi binti yako, huu ndio ukurasa ningeufungua kwanza." Akavuta pumzi. "Na huyu jibaba sasa atamlaza yule mlinzi kwa dakika tatu. Mchezo umeshakuwa rahisi."

Yasuhide hakupanda mnarani. Alipiga pasi mashuka mpaka saa ya kutoka, na hakumbuki hata shuka moja.

Nyumbani kuku alikuwa ameshaingia kwenye mafuta. Mitsuyo alimtazama mara moja tu, akazima jiko. Alipomaliza kusikiliza, alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa sinki.

"Mwambie umemaliza. Ashuke kwanza. Mengine tutayamalizia mezani."

"Atajua."

"Ajue akiwa ameshakaa! Baba Kozue, nakuomba. Nimechoka kuupikia mlango."

Na yeye alikuwa amechoka vile vile, na uongo ule alikwishauonja tangu kwenye basi na kuuona mtamu. Alipanda ngazi bado hajui atasema nini.

Pale juu ndipo aliposimama miaka minne nyuma, Kozue aliporudi na suti yake ya kazini akasema ameacha kazi, amechoka. Yasuhide alimjibu kwamba mtu mzima haachi kazi kwa kuchoka. Kozue akaingia chumbani, akafunga. Baba yake hakuwahi kuyarudia maneno yale, wala kuyaomba radhi, maana hakuwa mtu wa kuomba radhi.

Akapiga magoti mbele ya mlango.

"Kozue. Nimemkuza Mame."

Akaisogeza mashine mpaka kwenye upenyo wa chini ya mlango.

"Kidole kilit... Hapana. Ni mimi. Nilikuwa na haraka ushuke, nikaacha kuangalia. Na harudi tena, nimeuliza." Akaegemeza paji la uso mlangoni. "Nisamehe. Nisamehe na ile siku uliyorudi. Ulisema umechoka, nikakutukana. Nisamehe, mwanangu."

Mashine haikuweza kupita chini ya mlango. Kitasa kikalia, mlango ukafunguka upana wa kiganja, na mkono ukatoka. Ulikuwa mweupe, umekonda, kucha ndefu. Uliichukua mashine bila kumgusa. Mlango ukafungwa.

Alisikia vitufe. Alisikia mlio wa dubwana, mnene, mgeni. Halafu Kozue akalia. Alilia kwa sauti, kwa kwikwi, kama alivyolia utotoni akianguka na baiskeli. Miaka minne Yasuhide alikuwa akitega sikio hapa asisikie hata kikohozi, na kilio hiki ndicho alichokuja kusikia, na yeye ndiye aliyekileta.

Mitsuyo akapanda mbio. "Umemfanya nini? Umemfanya nini mwanangu?"

Yasuhide alitikisa kichwa. Aliona yamekwisha. Akajiinua kwa kushika ukuta ili waondoke wamwachie mlango, kama walivyozoea.

"Baba."

"Naam. Nipo."

"Usiondoke."

Akakaa pale pale sakafuni, mgongo mlangoni, na Mitsuyo akakaa ubavuni pake. Ndani kilio kiliendelea muda mrefu. Kuku akapoa jikoni, na usiku ule hakuna aliyeshuka.