Gari Halina Oili

Maneno niliyomwambia jirani yangu Jumamosi ile yalikuwa matatu, na yote yalikuwa ya kweli: gari halina oili. Mume wake alifariki alfajiri ya siku iliyofuata. Tangu hapo mwanamke yule alikuwa akinishukuru, nami nilikuwa nikizipokea shukrani zake huku nikijiuliza kama nimwambie jambo moja nililolijua siku ile nikalinyamazia. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Najua kwamba jibu linaweza kuwa sahihi na hesabu yenyewe ikawa ya uongo.

Gari lenyewe ni Noah, nililipata kwa mkono wa binamu yangu anayefanya kazi ya uwakala wa forodha pale mpakani Rusumo. Mimi ni Mhangaza, nimezaliwa Ngara, nikahamishiwa Biharamulo kikazi, nikajenga Nyarubungo na kuzeekea hapo. Sikuwahi kuwa na mume wala sikumtamani sana, lakini gari nililitamani miaka yote. Lilikuja na kijitabu chake, Kijapani kitupu. Nilichoweza kusoma humo ni tarakimu, na tarakimu zilinitosha.

Nilikuwa bahili wa mafuta, sikatai. Nilijaza tangi kituo kilekile, nikarudisha geji ya safari kwenye sifuri, nikaandika. Barabara ya lami ya kwenda Biharamulo mjini, lita moja ilinipa kilomita kumi na moja. Milima ya kwetu Ngara ilinipa tisa na nusu au kumi, kutegemea na malori yaliyokuwa mbele yangu. Sikubeba gunia la mtu, sikuacha hata jembe nyuma ya viti bila sababu, maana uzito wowote unakula mafuta. Walimu wenzangu walisema ninaendesha kwa rula. Waliosema hivyo ndio waliokuja mwisho wa mwezi kuomba niwashushe njiani.

Kwenye oili ndipo nilipogombana na kila fundi wa senta. Wao dawa yao ni moja, oili nzito. "Gari limekula umri, mama, liwekee nzito, injini itanyamaza." Nikawauliza nani amewaambia nataka inyamaze. Kijitabu kilitaja namba ya oili nyepesi, na sababu yake inaeleweka: oili nzito injini huisukuma kwa taabu, na taabu hiyo inalipiwa kwa petroli. Mpaka leo nasema nilikuwa sahihi. Kwa vile sikumwamini fundi yeyote, oili nilikuwa nabadilisha mwenyewe. Nilikuwa nalisimamisha gari juu ya mfereji wa uani, nachutama, nafungua nati ya chini oili ikiwa bado ya moto, naweka karai, naiacha idondoke hadi tone la mwisho.

Jumamosi ile nilimwaga saa mbili asubuhi. Binamu yangu alikuwa ameniahidi galoni la oili nyepesi kwa basi linalotoka Rusumo, kwa kuwa hapa senta hawakuwa nayo. Saa tano akapiga simu kusema amemkosa dereva, nisubiri Jumatatu. Nilimpa maneno yake, kisha nikatulia. Shule zilikuwa zimefungwa na sikuwa na safari. Nilifunika karai kwa kipande cha gunia, lakini kuku mmoja alikuwa ameshapekua pembeni yake na vumbi kidogo limeingia.

Saa saba mchana jirani akapiga hodi. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, wazazi wake walikuja kutoka Burundi akiwa mgongoni. Shamba lao limepakana na langu. Siku zote yeye huongea Kirundi nami Kihangaza, na tunasikilizana bila shida. Siku hiyo alizungumza Kiswahili, lugha anayoitumia akienda ofisini kuomba kitu.

"Karibu mdogo wangu, kaa," nikamwambia.

"Siketi, mwarimu. Baba watoto ngiri yake imetoka tangu alfajiri, imekataa kurudi. Sasa anatapika. Naomba utupereke hospitali."

"Gari halina oili. Nimeimwaga asubuhi, nyingine inakuja Jumatatu."

Aliinama akatazama chini ya gari. Karai lilikuwa palepale, gunia limeteleza nusu.

"Yoo," akasema. "Pole, mwarimu."

Nikamjibu asante. Niliipokea ile pole kama mimi ndiye niliyepatwa na shida.

Sasa niseme nililolijua. Oili ile ilikuwa chafu, lakini usiku uliopita ilikuwa ndani ya injini na gari lilitembea. Ningeichuja kwa kitambaa, ningefunga nati, ningeimimina. Dakika ishirini, tena kwa kutopaparika. Na kama niliogopa vumbi la kuku, duka la senta lilikuwa na oili nzito kwenye rafu, mwendo wa robo saa kwa miguu. Yote mawili yalinijia kichwani kabla hajamaliza kuinuka. Nikawaza mchanga ukikwaruza ndani ya injini yangu. Nikawaza pia kwamba ngiri yake ni ya siku zote, hutoka akinyanyua mzigo, hulala chali akairudisha mwenyewe. Nikanyamaza, naye akaondoka.

Ilikuwa siku ya gulio, pikipiki zote zimekwenda huko kubeba watu na kuku. Walipata moja saa tisa. Nilikuwa uani ilipopita, mgonjwa akiwa katikati, dereva mbele na kaka yake nyuma amemkumbatia asianguke. Magoti aliyapanua ili tumbo lisiguswe. Aliponiona aliinua mkono kunisalimu, na mimi nikauinua wangu. Pikipiki ilipofika kwenye makorongo nikaingia ndani ili nisione.

Walimpasua usiku huohuo. Wakasema utumbo ulikuwa umeshakufa.

Jumapili watu wanatoka kanisani, kaka wa marehemu alikuja kwangu na wazee wawili. Walinisalimu kwa unyenyekevu mkubwa, kisha wakauliza kama gari linaweza kwenda kumleta. Hapo uani palikuwa na watu kama ishirini wananitazama. Sikutaja Jumatatu. Nilituma mtu senta akaleta oili nzito, nikaitia yote mbele yao, nikawasha. Gari likawaka bila hata kukohoa. Tulikunja viti vya nyuma, tukaenda, tukarudi na jeneza, na mjane amekaa kwenye sakafu pembeni yake ameliegemea. Walitaka kuchanga mafuta nikakataa, na kukataa kwangu kukasifiwa.

Msibani watu walikuwa na methali yao: mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Walisema angekwenda kupasuliwa mapema, mwanaume yule alipenda kujikaza. Nilikaa kwenye mkeka nikisikia wanamlaumu maiti. Kisha msemaji wa familia akasimama kuwashukuru waliosaidia, na wa kwanza kumtaja alikuwa mwalimu mwenye gari. Nilitamani ardhi inimeze. Watu walidhani nalia kwa ajili ya jirani yangu.

Baada ya siku tatu kaka wa marehemu alirudi. Alitaka oili chafu kama ninayo. Huku kwetu mchwa hauachi mti, kwa hiyo nguzo za nyumba na za uzio tunazipaka oili chafu kabla ya kuzisimika. Nikamuuliza anajenga nini.

"Ni ule msaraba," akasema. "Bila oiri hautamaliza masika."

Karai lilikuwa bado pale. Nilimpimia kwenye kopo kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ya kwanza nilipopita makaburini nikauona msalaba, mweusi, unang'aa juani, nikajua kila tone lililoupaka limetoka wapi. Nikabadilisha njia ya kwenda shule. Njia mpya ni ndefu zaidi.

Halafu mafuta yakaanza kupotea. Barabara ileile ya lami, mwendo uleule, tangi kutoka kituo kilekile, lita moja ikaanza kunipa kilomita tisa. Niliilaumu oili nzito, nikaimwaga na kurudisha nyepesi. Tisa. Nikajaza upepo matairi, nikabadilisha plagi na filta ya hewa, nikamwambia fundi aangalie kama breki zinashika. Hakuna alichokiona. Mimi si mtu wa mizimu. Nilikaa mezani nikapiga hesabu: mtu mmoja wa uzito wa marehemu hawezi kula mafuta yote yale, ingebidi wawe sita. Nilipoimaliza nikagundua kwamba nimeipiga, mimi mwalimu mzima. Nikaacha kuandika kilomita. Lakini nikiendesha peke yangu nasikia gari linavyokaa barabarani, linakaa kama limebeba. Kwenye makorongo yale napunguza mwendo sana, kwa ajili ya aliyeko nyuma, na sijawahi kugeuka kutazama kiti.

Mjane yeye alikuwa akiniletea maharage. Kila mavuno sado moja, kindoo kimejaa, yamepepetwa, hayana hata jiwe. Nikisema usijisumbue ananiambia ndiyo kidogo tulichonacho. Yale ya kwanza nilishindwa kuyapika, yakatobolewa na wadudu, nikayatupa kwa siri kama mwizi. Ya pili nilimpa mlinzi wa shule. Alipokuja mara ya tatu nilimtazama anavyoyamimina kwenye ungo wangu, anakusanya kwa vidole zile punje mbili zilizoanguka chini, na nikajua siwezi tena. Nilimwacha afike kwake, nikamfuata.

Nilimkuta jikoni nje anamenya mihogo. Akanivutia kigoda. Nilizungumza Kihangaza, nisijifiche nyuma ya lugha ya shule.

"Siku ile ulipokuja kuomba gari," nikamwambia, "oili ilikuwa kwenye karai. Ningeweza kuirudisha. Na dukani ilikuwepo nyingine, ile niliyoitia kesho yake. Nililijua hilo ukiwa bado umesimama pale uani."

Aliendelea kumenya. Ganda la muhogo lilitoka refu bila kukatika, akaliweka pembeni kwa ajili ya mbuzi.

"Ego," akaitikia. "Tulijua."

Nikamuuliza nani alijua.

"Yeye. Nilipofika nyumbani nilimwambia gari lako limemwagwa oili. Akaniuliza imemwagwa wapi, ardhini au kwenye chombo. Nikamwambia ipo kwenye karai, nimeiona. Halafu akasema, basi, tafuta pikipiki." Alichukua muhogo mwingine. "Kabla hajanioa alikuwa utingo wa malori ya Rusumo, miaka mitano. Mimi sikuelewa alichoniuliza. Nilikuja kuelewa Jumapili, nilipoliona gari linatembea."

Nilitaka kusema samahani. Nilichosema kilikuwa kibaya zaidi. "Na bado ukaniletea maharage."

"Ulimrudisha nyumbani, mwarimu. Maharage ni ya hilo." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetenganisha mbegu za kupanda na za kula. "Hilo lingine nilikuwa nakungoja wewe."

Maji yalianza kuchemka kwenye sufuria, naye akasogeza kuni moja nje ya jiko.

"Uliogopa nini?" akaniuliza.

"Injini. Kulikuwa na vumbi kwenye karai. Niliogopa ingeharibika."

Akapasua muhogo vipande viwili, akautoa mzizi wa katikati, akavitumbukiza majini kimoja kimoja. Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Na ilipona?"

Nikamwambia ilipona.