Kigoda cha Mama Mdogo

Mama mdogo, mke wa baba yangu mdogo, ndiye aliyenilea, na mimi ndiye niliyemtoa nyumbani kwake. Sitaki kuzungusha maneno.

Kabla ya hapo alijulikana kutoka kwetu Kirua hadi Kilema kwa kigoda chake. Ukoo ukitaka kumfukuza mjane kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba aliloachiwa na mumewe, walimkuta mama mdogo amekaa juu ya kigoda mlangoni pa mjane, anamenya ndizi. Walimtukana. Walimmwagia maji ya mavi ya ng'ombe. Hakuinua mkono wala sauti, na kesho yake alirudi. Walichoka wao.

Kisha baba mdogo akafariki. Hawakuwa na mtoto, ukoo ukanipa mimi kihamba chao. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa mtu mzima na nilikitaka.

Alikuja kwangu na jani la isale, jani la kuombea msamaha, aniombe nimwache akae. Kwetu ukiletewa jani hilo hukatai, hata kama umeuliwa ndugu. Yeye hakuwa na kosa lolote, lakini alipiga magoti mbele yangu, yeye aliyenifuta kamasi nikiwa mtoto. Niliacha jani lianguke matopeni.

Asubuhi yake alikaa mlangoni kwake mwenyewe. Mimi na binamu yangu tulimbeba juu ya kigoda chake hadi barabarani. Alikuwa mwepesi, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Usijiumize mgongo, mwanangu," aliniambia.

Alifia Moshi mjini, kwenye chumba cha kupanga.

Wiki iliyopita wajane wa Kilema walifanya sherehe ya kumkumbuka. Walijua tu kwamba alihamia mjini, wakaniomba mimi, mwanawe, niseme neno. Nilisema vizuri sana. Walilia, wakapiga makofi. Ndipo bibi mmoja akauliza, "Baba, tunataka kumpelekea maua. Kaburi lake liko upande gani wa kihamba?"

"Amezikwa mjini."

"Mjini? Na mume wake?"

"Kihambani."

"Kihambani anakaa nani?"

Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

Jana nilipofungua mlango nilimkuta bibi yule nje, amekaa juu ya kigoda, anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Leo wamekuja wajane watatu na vigoda vyao, na hakuna hata mmoja aliyenitukana.