Nilivyomshtaki Wakili Kyalo Mbele ya Wapiga Kura

Heri mnisikie mimi kabla hamjasimuliwa na watu wa Kola. Nimestaafu juzi tu, baada ya miaka ishirini na tano ya kuwasomea watu mashtaka mahakamani Machakos. Wakili Kyalo, anayegombea ubunge, akaniomba nimtambulishe kwenye mkutano wake wa kampeni hapo Kola. Namheshimu sana, nikakubali mbio.

Nikashika kipaza sauti. "Wakili Kyalo, simama!" Akasimama. Nikasoma kwa sauti yangu ya kazi kwamba aliwatetea wajane wa hapa bila malipo wakarudishiwa mashamba, na kwamba alichimba bwawa la kijiji kwa mikono yake. Kisha, mjinga mimi, nikamkazia macho: "Umesikia mashtaka. Ni kweli ama si kweli?"

 Vijana wa mpinzani wake wakaanza kucheka. Wakili akavua kofia, akaweka mikono nyuma.

"La wajane ni kweli, mheshimiwa. La bwawa si kweli. Walichimba akina mama hawa, mimi nilibeba mawe tu."

Vigelegele vikapasuka. Hapo ningenyamaza, lakini mdomo wangu haujastaafu.

"Mshtakiwa amekana shtaka la pili," nikatangaza. "Arudishwe rumande."