Swali la Nne

Chuoni walimwita Mama Nukta, kwa kuwa miaka kumi na tisa alikuwa akichapa vitabu kwa nukta nundu, yale maandishi ya vipele ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya mafagio na choo ambacho mlango wake haukufungika. Hakuwa mtu wa makuu, lakini ukimgusa pabaya ulimi wake ulikuwa wembe.

Mwaka ule alimpata mwanafunzi wa kwanza wa fizikia asiyeona, binti mkimya, mwepesi wa vidole. Kwa ajili yake Mama Nukta alichapa kozi nzima ya fizikia ya chembe nyingi, huku akiilaani. Sura iliyomtoa jasho ilihusu elektroni tatu. Hali zake hupangwa kwenye jedwali la mistari mitatu na safu tatu, na likifunguliwa hutoa vipande sita, vitatu vya kujumlisha na vitatu vya kutoa. Jedwali moja lilikula karatasi nne.

"Kwa nini wasiandike kipande kimoja tu yaishe?" aliuliza siku moja.

"Elektroni zote ni sawasawa, mama," binti alijibu. "Huwezi kusema hii iko hapa na ile iko pale, kwa hiyo unaandika mipangilio yote. Ukizibadilisha nafasi mbili kati yake, jibu zima linageuka kutoka chanya kuwa hasi. Sasa chukua mbili zilizo katika hali moja. Ukizibadilisha, hakuna kilichobadilika, lakini alama lazima igeuke. Namba gani ni sawa na hasi yake?"

Mama Nukta alifikiri kidogo. "Sifuri."

"Basi jambo hilo haliwezekani. Ndiyo maana elektroni mbili hazikai katika hali moja."

Siku tatu kabla ya mtihani aliletewa karatasi ya maswali aichape. Swali la nne, lile la jedwali, lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Pembeni mhadhiri wa kozi ile alikuwa ameandika kwamba asiyeona aandike insha ya kurasa mbili kuhusu faida za elektroni.

Damu ilimchemka. Alikuwa amekula kiapo cha siri ya mitihani, kwa hiyo hakuweza kumwambia binti hata neno. Aliichukua karatasi mpaka ofisini kwa mhadhiri, akaingia bila kubisha hodi.

"Nimemrahisishia tu," mhadhiri alisema bila kuinua macho. "Jedwali ataliona vipi?"

"Halioni. Analisoma."

"Mama, wewe ni mchapaji. Chapa."

"Nitachapa. Ila niandikie barua, utie sahihi, kwamba huyu anapewa mtihani tofauti na wenzake, na useme sababu. Nitaiambatanisha nikipeleka kwa mkuu wa mitihani."

Hapo ndipo mhadhiri alipomtazama. Alitishia kumshtaki kwa utovu wa nidhamu. Mama Nukta akavuta kiti, akakaa, akapakata mkoba wake. Mwishowe mhadhiri akafungua droo na kumsukumia nakala safi isiyo na wino mwekundu.

Wiki moja baada ya mtihani aliitwa akasome majibu ya binti, maana mhadhiri hakujua hata nukta moja. Alisoma kipande kwa kipande, kidole kikitangulia.

"Hapo ni kutoa," mhadhiri alimkatiza.

"Ameandika kutoa. Ungoje nimalize."

Mhadhiri alimpa binti alama kumi na saba kati ya ishirini. Tatu zilipotea kwa sababu binti alisahau kugawa kwa kipeuo cha pili cha sita.

"Kumbe anaweza," akasema mhadhiri.

Mama Nukta alikusanya karatasi. Mwaka mzima binti yule alikaa mstari wa mbele darasani mwake, na mtu huyu ndiyo kwanza anagundua. Alitoka bila kuaga.

Matokeo yalipobandikwa, binti alikuja chumbani kwake. "Mhadhiri aliposikia majibu yangu alisemaje, mama?"

"Hakusema la maana," Mama Nukta alijibu, akipachika karatasi kwenye mashine. "Na wewe, kipeuo cha pili cha sita ulikiacha wapi?"