Damu ya Kuazima

Eunike alikuwa mwanamke mwenye akili, na akili zake ndizo zilizomponza. Mtu mjinga asingelifikiria jambo lile, na pengine mumewe leo angekuwa hai, anapalilia maua juani huku akinung'unika kwamba ameshushwa cheo. Kunung'unika hakujaua mtu.

Alizaliwa Poli, Mmeru wa kahawa na migomba, akaingia shamba la maua upande wa chini wa Usa River akiwa na miaka kumi na tisa. Walimweka banda la kuchambua. Kazi ilikuwa kupukutisha majani ya chini, kupima urefu wa shina, kufunga waridi ishirini ishirini na kuyakimbiza kwenye chumba cha baridi kabla hayajachanua. Alifanya hivyo miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpa ua. Humo shambani akampata Yoeli, Mwarusha wa Kisongo, mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa pua. Yoeli alikuwa mpiga dawa za wadudu.

Wapiga dawa walikuwa mabwana wa shamba lile. Wengine walikuwa vibarua, leo wanaitwa kesho wanaachwa. Wapiga dawa walikuwa na ajira ya kudumu, kadi ya matibabu, na nusu lita ya maziwa kila wamalizapo kazi. Maziwa hayo yaliaminiwa kuliko barakoa. Barakoa inabana, inatoa jasho, na kichujio chake kilichopaswa kubadilishwa hakikubadilishwa. Lakini maziwa, kila mfugaji atakuapia, yanaosha tumbo na kuondoa sumu. Basi mtu anaingia kwenye banda la nailoni lenye joto la kuivisha ndizi, bomba mgongoni, barakoa inaning'inia shingoni, na akitoka anakunywa maziwa yake na kujifuta mdomo kwa mkono uleule. Kisha anakwenda nyumbani na ovaroli yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Eunike aliifua ile nguo kwa mikono mitupu, kwenye beseni lilelile la nepi za Naipanoi, binti yao wa pekee.

Walipofikisha mwaka wa nne wa ndoa, wanunuzi wa Ulaya wakaleta sharti kwamba wapiga dawa wapimwe damu. Mpimaji aliyekodiwa alikuwa Harleen, binti wa Kisikh wa Themi, ambaye baba yake aliuza vipuri vya matrekta mjini na yeye mwenyewe alisomea afya za watu kazini. Aliwakusanya kwenye kantini na kuwaeleza bila mbwembwe. Ndani ya damu, alisema, kuna kitu kinachouambia msuli: basi, tulia. Dawa za wadudu zinakila kidogo kidogo, na kikiisha, mtu anatetemeka, anatoka mate na machozi, mwishowe hata pumzi inakataa. Mtu akipumzishwa miezi kadhaa, kinarudi. Kila mmoja ana kiwango chake, hakifanani na cha jirani yake, wala hakipandi na kushuka ovyo. Ndiyo maana watapimwa kila baada ya miezi mitatu, kila mtu alinganishwe na yeye mwenyewe. Atakayeshuka apumzishwe.

Neno "apumzishwe" shamba lililielewa kwa namna yake. Siku ya kwanza ilipimwa nusu ya wapiga dawa, na wawili wakakutwa chini sana. Walipumzishwa kweli: wakapewa majembe, kadi za matibabu zikachukuliwa, wakarudi kuwa vibarua. Kipimo kilicholetwa kuwalinda kikawa fimbo ya kuwachapia, na tangu siku hiyo hakuna mpiga dawa aliyeomba chochote kwa Mungu ila damu ya kupita.

Yoeli alikuwa kundi la wiki iliyofuata. Tayari siku za kupiga dawa kichwa kilikuwa kinamgonga na vidole vinacheza vyenyewe. Eunike alimtazama akishika kikombe kwa mikono miwili, akawaza usiku mmoja, asubuhi akampa jibu. "Wewe huna damu ya kupita," alimwambia. "Lemburis anayo."

Lemburis alikuwa mdogo wake Yoeli, tumbo moja, mfugaji wa Kisongo, mvivu kiasi kwamba hata kuogesha ng'ombe aliwaachia wenzake. Hakuwahi kunusa dawa yoyote. Paji la uso lilikuwa lilelile, na picha ya kitambulisho cha Yoeli ilikuwa imeliwa na jasho. Alikuja, akavaa ovaroli ya kaka yake, akakaa kwenye foleni. Sifaeli, msimamizi wa wapiga dawa, alisimama mlangoni akiita majina. Aliita "Yoeli," akamwona Lemburis akiinuka, akageuka kuangalia bomba la maji kana kwamba linavuja. Kumfundisha mpiga dawa mpya ni kazi, na Sifaeli hakupenda kazi.

Mchezo ule ulikwenda miaka karibu sita, mara ishirini na tatu. Kila miezi mitatu Lemburis alishuka kutoka Kisongo, akatobolewa kidole, akala nyama kwa shemeji yake, akarudi kwa ng'ombe wake. Na kila mara Yoeli alileta nyumbani kikaratasi chenye jina lake na neno Salama. Eunike alivibandika ndani ya mlango wa kabati, kimoja chini ya kingine.

Hapa ndipo mimi ninayesimulia ninaposhindwa kumsamehe, ingawa nampenda. Yoeli alianza kukosa usingizi. Alianza kufoka, yeye aliyekuwa hafoki, halafu kulia kwa sababu ya habari za redio. Siku moja alilisahau jina la Naipanoi, akamwita "wewe mtoto." Eunike aliogopa, akaenda kufungua kabati, akasoma vile vikaratasi, akatulia. Aliyejua kuliko wote kwamba damu ile si ya mumewe alikuja kuiamini. Alijiambia ni uchovu, ni umri, labda ni maudhi ya kazini. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu aliyaficha mpaka yakafichika hata kwake mwenyewe.

Kilio kilikuja Januari. Huko Ulaya wapenzi hupeana waridi katikati ya Februari, kwa hiyo Januari shamba hupigwa dawa mara mbili zaidi. Siku hiyo jua lilikuwa kali na bomba la Yoeli lilivuja mgongoni. Wenzake walimkuta kati ya mistari ya maua, amelowa jasho na mate, misuli inamrukaruka chini ya ngozi. Alikata roho njiani kwenda hospitali.

Waliompokea walinusa dawa, wakapima damu, wakakuta kile kitu cha kutuliza misuli karibu kimekwisha kabisa. Shamba halikuchelewa kuleta orodha. Wiki tatu tu kabla, damu ya marehemu ilikuwa safi, kama ilivyokuwa safi miaka yote. Damu safi haiwezi kuporomoka hivyo kwa bomba kuvuja. Na si wenzake walisema alikuwa halali, analia, anafoka? Ikaandikwa kwamba yaelekea marehemu alikunywa sumu kwa hiari yake.

Usharikani kwao mtu aliyejiua hazikwi na mchungaji. Wazee wa kanisa walikuja, wakakaa kwenye ukingo wa viti, wakasema wana huzuni na kwamba utaratibu ni utaratibu. Yoeli alizikwa Kisongo bila joho, bila kengele. Kwaya ambayo Eunike aliiimbia sauti ya pili kwa miaka kumi na mmoja ilihudhuria kama majirani tu. Walisimama wamefunga midomo, wengine wakitazama viatu vyao. Shuleni Naipanoi akaanza kuitwa mtoto wa mnywa sumu.

Eunike hakurudi shambani. Alimwendea mchungaji, akalia, akaambiwa jambo moja la wazi: mtaalamu akiandika kwamba ni kazi iliyomuua, si mkono wake, mchungaji mwenyewe atakwenda kaburini na joho lake, na kengele italia. Tangu siku hiyo Eunike hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka karatasi hiyo.

Machi akapanda ngazi za ofisi ya Harleen, juu ya duka la baba yake. Shamba lilikuwa limekwisha kumwacha Harleen na kuchukua mpimaji mwingine kutoka nje ya Arusha, kwa kosa la kuomba bomba la Yoeli likaguliwe. Lakini nakala zake alikuwa nazo. Aliziweka mezani, akamsikiliza mjane mpaka mwisho.

"Mama Naipanoi," akasema, "hizi namba ishirini na tatu ni za nani?"

"Za shemeji yangu."

"Zote?"

"Zote. Damu ya mume wangu hujawahi kuiona."

Harleen alizipanga zile karatasi upya, moja moja. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba kwa mtu aliyeliwa damu miaka kumi, asubuhi moja ya joto na bomba linalovuja inatosha kabisa kumuua. Ila kwa mtu mwenye namba hizi, ili afe vile, lazima awe amekunywa kikombe kizima. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyesaini kwamba alikunywa," alisema. Eunike alitaka kumwambia hapana, ni mimi, lakini badala yake akauliza kama hayo aliyoyasema yanatosha.

Maneno ya mjane, Harleen akaeleza, hayatoshi. Shamba litasema ameyatunga. Lakini kila mtu ana kiwango chake. Amlete huyo shemeji. Damu yake ya leo ikilingana na zile karatasi ishirini na tatu, itaonekana wazi kwamba Yoeli hakuwahi kupimwa, na yeye Harleen ataandika kwa mkono wake na kuipeleka kwa mchungaji mwenyewe.

Eunike alishuka ngazi zile kwa furaha, aibu ikiwa mwishowe imemfaa kitu. Kesho yake akaenda Kisongo. Kwenye boma la shemeji yake alimkuta Sinyati, mke wa Lemburis, tumbo likiwa kubwa. Walisalimiana, wakalia kidogo kama desturi, kisha Eunike akamwulizia Lemburis. Sinyati alishangaa kwamba hajui. Ukame uliwabakizia ng'ombe watatu. Siku chache baada ya matanga, Sifaeli alikuja mwenyewe hadi pale, akakaa kwenye kigoda, akasema nafasi ya Yoeli iko wazi na damu ya Lemburis wanaijua, ni nzuri sana. Lemburis alikuwa mpiga dawa, mwezi wa pili sasa, kwa jina lake mwenyewe.

Hata hivyo Eunike alimfuata, na Lemburis, tuseme haki, hakukataa. Siku yake ya mapumziko walikwenda Themi pamoja. Harleen alimtoboa kidole, akasubiri mashine, akaangalia, akamtoboa kidole cha mkono wa pili. Mara ya pili jibu lilikuwa lilelile. Damu ile ilikuwa imeshuka hadi nusu. Haikulingana hata na karatasi moja kati ya ishirini na tatu. Mtu yeyote ambaye angeziweka pamoja angesema ni za watu wawili wasiojuana.

Harleen hakuwaficha. Lemburis yu hatarini, alisema, na asirudi kwenye yale mabanda hata siku moja. Akikaa mbali na dawa miezi minne, kiwango chake kitarudi, nao watampima tena, na ushahidi utapatikana. Miezi minne tu.

Walishuka, wakakaa kwenye ukuta mfupi mbele ya duka la vipuri. Eunike alimwomba. Alimwomba kwa jina la mama yao, na kwa kaburi lisilosomewa hata mstari mmoja. Atamgawia mahindi yake, atamtunza Sinyati akijifungua. Aiachie tu hiyo damu irudi, kaka yake apate kengele. Lemburis alimsikiliza ameinamisha kichwa, vidole vyake vikicheza juu ya goti.

"Shemeji," akasema, "miezi minne siwezi. Nikitoka sasa, harudishwi mtu pale, na nyumbani unapaona. Lakini wiki ijayo yule mpimaji mpya anakuja, na hamjui mtu." Akasogea karibu. "Yule kaka yako wa Poli anayeuza ndizi hajawahi kushika bomba. Asingeweza kunikalia kwenye foleni siku moja tu?"

Eunike alitaka kumzaba kofi. Alitaka kupiga yowe pale barabarani, watu wa Themi wote watoke madukani wamwone mwanamume huyu na wamwone na yeye. Mkono ulimwinuka kweli. Lakini kabla hasira haijafika kwenye vidole akajikuta tayari anapima: yule muuza ndizi ni mfupi mno na mweupe, picha itamkataa, ila yuko mdogo wake, yule mrefu, ambaye ukimtazama kwa mbali anafanana kidogo na Lemburis.