Vumbi Kwenye Nyayo za Baba

Nilikuwa nimeshamgeuza baba ubavu wa kushoto, mto nimeuweka katikati ya magoti, nikavuta shuka ili nimpake mafuta miguuni.

Nyayo zake zilikuwa na vumbi.

Baba alikuwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, na tangu tumtoe hospitali hakuwahi kukanyaga sakafu. Asubuhi ile nilikuwa nimemwogesha mwenyewe, hadi katikati ya vidole.

Nilichukua kitambaa, nikafuta, nikaendelea na mafuta. Ndivyo nilivyo. Namaliza kwanza ninachofanya, hofu baadaye.



Mimi ni mke wa mtu. Mume wangu ana gereji, watu humwita Bosi, na hajawahi kuniinulia mkono. Alichofanya ni kufunga geti kwa nje kila asubuhi na kuondoka na funguo. Basi. Nikiuliza, anasema ananilinda. Wenzangu walikuwa wananionea wivu, eti nimepata mwanaume anayejali.

Baba alipoanguka, shangazi aliita kikao cha familia. Wakakubaliana nije kumuuguza, kwa sharti. Baba akipona, nirudi kwangu. Akifa, tukishazika, nirudi kwangu.

Bosi alikubali huku anatabasamu.

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumamosi kumjulia hali mkwewe. Anasimama upande wa miguuni, anakandamiza ukucha wake kwenye dole gumba la baba, la mguu ule uliokufa. Anakandamiza mpaka ngozi inabonyea. Macho yake kwangu.

Baba kimya, hata kope hazitikisiki.

"Bado," anasema Bosi. Anaondoka.

Sasa, jamani, katika kumuuguza baba ndipo nilipojikuta. Kule wodini nilikuwa nawatazama tu wauguzi, kisha nafanya kama wao. Siku moja sista wa wodi, mama mmoja mwenye sauti kama honi, akanikuta namgeuza baba peke yangu bila kumburuta. Akauliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia nimewaangalia ninyi. Akacheka, akasema basi nimewaibia kazi, na adhabu yangu ni kwenda kuisomea.

Nikaenda kweli, kozi fupi ya uuguzi. Mama jirani akajitolea kuja kumlisha baba mchana.

Siwezi kuwaeleza utamu wa kutoka getini mwenyewe umevaa sare. Mgonjwa anakushika mkono anauliza, "Nesi, kesho upo?" Unamjibu upo, na hakuna mtu wa kumwomba ruhusa.

Nilikuwa nimebakiza mtihani wa vitendo tu. Ndipo likaja lile vumbi.

Nikaanza kuangalia vizuri. Kandambili za baba zilizokuwa chini ya kitanda nilizikuta karibu na ukuta. Pazia nililofunga nilikuta limeachwa nafasi. Nikamuuliza mama jirani kama anamsogeza mgonjwa.

Akasema hamgusi zaidi ya kumlisha. Halafu akashusha sauti. "Ila juzi, mwanangu, niliona mtu kasimama dirishani kwenu. Nikajua ni wewe."

Juzi nilikuwa wodini kutwa.

Nikamfikiria Bosi. Mtu wa kukusanya funguo, atashindwaje kupata ufunguo wa kwetu? Labda anaingia, anamburuta baba wa watu sakafuni kujaribu kama ana nguvu. Lakini sikutaka kumhukumu mtu kwa vumbi.

Jumamosi iliyofuata nikavaa sare, nikamuaga baba, nikaubamiza mlango wa mbele. Kisha nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikakaa juu ya ndoo nimekumbatia mkoba.

Kimya.

Halafu nikasikia nyayo. Moja nzito, ya pili inaburuzwa. Zinatoka chumbani kwa baba.

Nikauchukua mchi, nikasogea, nikasukuma mlango kidogo.

Alikuwa baba. Kaegemea ukuta, anachungulia barabarani kwa ufa wa pazia.

"Baba."

Hakugeuka. "Funga mlango, mwanangu. Leo Jumamosi."

Nilikaa chini pale pale. Akanieleza taratibu, maneno yanaburuzika kama mguu wake. Fahamu za mguu zilianza kurudi siku nyingi. Alitaka kuniita anionyeshe. Akanisikia upande wa pili wa ukuta najisomea majina ya mifupa, nakosea, najicheka mwenyewe. Hakuwa amenisikia nikicheka tangu niolewe.

Akaamua kunificha. Akaendelea kuumwa.

"Na ule ukucha?" nikamuuliza.

"Nausikia wote."

Nikashindwa kumwangalia.

"Nirudishe kitandani," akasema. "Umebakiza mtihani mmoja. Nitaumwa mpaka umalize."

Nilimrudisha. Nilipomlaza ubavu nikapandisha fulana, na pale chini ya kiuno, mfupa unapokutana na godoro, ngozi ilikuwa imekolea weusi, ngumu, ya moto. Wiki ile nilikuwa nimeiona inaanza, nikajilaumu kwamba namgeuza vibaya. Kumbe kila akishachungulia alirudi kulala chali, asithubutu kujigeuza, mama jirani asije akashtuka.

Kidonda cha namna hiyo kikifunguka kinakula hadi mfupani. Nimekiona wodini. Nimeona pia watu waliokufa nacho.

Baba yangu alikuwa anaoza polepole ili mimi nipate pa kujificha.

"Inuka, baba."

"Na yule?"

"Inuka kwanza."

Tulikuwa tumefika mlango wa mbele, mkono wake begani kwangu, geti likalia.

Bosi akasimama katikati ya uwanja. Akamtazama baba kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, kama anavyokagua gari la mteja.

"Mzee kapona," akasema. "Kafunge mizigo."

Sauti yangu haijawahi kuwa kubwa, na siku hiyo haikukua. "Hajapona. Mgongo unaanza kidonda na mguu haujashika. Mimi ndiye nesi wake. Na Jumatatu niko wodini."

"Sijakuuliza ratiba."

Baba akaachia bega langu. Akashika fremu ya mlango, akasimama mwenyewe, jasho linamtoka. "Kijana, umeshajibiwa."

Bosi akacheka kidogo. "Huyo ataanguka tena. Na mimi nitakuwepo."

Akatoka. Gari lake halijaondoka. Ninapoandika haya bado liko ng'ambo ya barabara, injini inanguruma. Mama jirani nimemwambia. Sista wa wodi nimempigia, anakuja na mumewe. Shangazi naye atasikia kwangu, na kikao kingine akiitisha nitahudhuria nikiwa na sare.

Ninachowaachia ni hiki. Kama kuna mtu analala ili wewe utembee, usiishie kumshukuru. Mgeuze, umtazame mgongo.

Kibaraza chetu kina ngazi tatu. Baada ya geti kufungwa tulijaribu, baba akashuka moja, magoti yakagoma, tukarudi ndani nikamlaza ubavu.

Zilizobaki tutashuka kesho.