Kiti cha Masere

Watu wakisikia kwamba nilisomea kwa masere wa Kasongo, wananiambia: "Mama, ulikuwa na bahati!" Bahati gani? Wale watawa weupe walitufundisha kusoma, kushona na kupiga pasi nguo za altare. Walijenga ukuta murefu, walifunga mulango mukubwa mapema jioni, na kila siku walituambia ukuta ule ni wa kutulinda. Wahenga walisema, kikulacho kimo nguoni mwako. Masere hawakuijua methali hiyo, na sisi tulikuwa watoto.

Tulikuwa wawili kutoka nyumbani kwetu, upande wa Kabambare: mimi na yaya wangu, dada yangu mukubwa. Yaya alikuwa mucheshi, huyo! Alikuwa anaiga kutembea kwa kila mutu, hata kwa masere mukubwa, tunacheka mpaka tunashika tumbo. Kisha mwalimu wa katekisimu akamuchagua kumusaidia katika depo, chumba cha sabuni, mafuta na vitambaa. Mwalimu alikuwa mutu wa kwetu, muweusi kama sisi, mwenye muke na watoto, na masere walimuamini kuliko jua. Funguo ya depo ilikuwa mukononi mwake.

Yaya akaacha kuiga watu. Akaacha kula. Mimi nilikuwa nimetumwa siku moja kuchukua sabuni, nikakuta mulango umefungwa kwa ndani, nikasikia yaya analia ndani mule. Sikungoja. Nilikimbia moja kwa moja kwa masere mukubwa, nikamuambia yote.

Nitasema ukweli, masere hakunifukuza. Alikuwa mutu mwema, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Aliniuliza, "Tumuite nani?" Nikajibu, "Umuite kambo," yaani bibi yetu, mama ya baba. Masere akatikisa kichwa. "Kambo si muzazi," akasema. "Jambo kubwa kama hili linasemwa mbele ya baba."

Mbele ya baba! Aka! Kwetu mutoto muke hasemi mambo ya mwili wake mbele ya baba yake, hata afe. Kuyasema ni kama kumuvua baba nguo sokoni. Mambo hayo ni ya kambo. Kambo ndiye alikuwa anatuita "wake wenzangu", anatutania, anatuuliza yote, na tunamujibu yote bila haya. Hata baba akiingia bila kujua wakati tunaongea na kambo, akisikia tu tumenyamaza, anakohoa na kutoka inje. Hakuna anayemufundisha baba kukohoa na kutoka. Kila baba anajua.

Baba yetu alikuja juu ya kamyo, lori la pamba, amevaa koti lake la misa. Masere akamuonyesha kiti, kiti cha mbao chenye muto mwekundu, cha wazungu. Baba alikitazama kwanza. Katika nyumba ile ya masere sikuwahi kumuona muweusi amekaa kwenye kiti kile, hata mwalimu mwenyewe alikuwa anasimama. Baba akakaa, magoti pamoja, kofia juu ya magoti.

Yaya akaletwa. Mwalimu alisimama karibu na dirisha, mikono nyuma. Masere akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, usiogope. Baba yako iko hapa. Sema, mwalimu alikufanyia nini?"

Yaya akamutazama baba. Nilimuona! Alimutazama muda murefu, akingoja akohoe, asimame, atoke. Baba akatazama kofia yake. Yaya akainamisha kichwa, na hakusema neno.

"Alikufanyia kitu?" masere akauliza tena. Mimi nikapiga kelele, "Anamufungia mulango!" Mwalimu akajibu taratibu kwamba anafunga kwa sababu watoto wanaiba sabuni. Masere akapumua kama mutu aliyetuliwa muzigo. Yaya akaambiwa apige magoti, amuombe mwalimu musamaha. Akapiga magoti. Kesho yake alirudishwa depo.

Alifukuzwa tumbo lilipoanza kuonekana. Walisema ameharibika. Mimi nilirudi naye, maana nilikataa kubaki, nilimuuma mukono masere aliyenishika. Tulipofika nyumbani, kambo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alimutazama yaya mara moja, akaweka muchi chini, akamuambia, "Muke mwenzangu, njoo ukae hapa." Sombe haikuiva siku ile. Yaya alisema yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na kambo hakumukata neno.

Yaya alikufa akizaa. Mutoto naye hakulia.

Kwenye kilio, wanaume walimuletea baba kiti, wakamukalisha katikati yao. Akawa anawaambia wanaokuja kumupa pole, "Kama angesema siku ile! Neno moja tu! Ningemuchukua nyumbani siku ileile." Watu wanaitika, "Kweli, kweli." Mimi nilitaka kumurukia, baba yangu muzazi.

Kambo alinitangulia. Alitoka kati ya wanawake, akaenda kusimama mbele ya mwana wake.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale, mama."

"Ulijua kwamba hawezi kusema mbele yako."

Baba akageuza uso.

"Ulijua. Kwa nini hukutoka?"

Ndipo nilimusikia baba akijibu, kwa sauti ndogo ya mutoto: "Masere alinipa kiti, mama. Nilipewa kiti."

Kambo akamutazama.

"Basi kaa," akamuambia.

Akageuka, akashika njia ya kaburini, na sisi wanawake tukamufuata.